Chupa Kubwa ya Alhamisi

Mwaka mzima nilikasirishwa na uzi mweupe. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele, mfupi kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, nao ulielea ndani ya chupa iliyopaswa kuwa na maji maangavu yasiyo na kitu. Nikiinua chupa dirishani na kuipindua taratibu, uzi ule ulipita mbele ya macho yangu bila haraka, nyuma yake ukaja mwingine, na nyuma ya huo kiwingu kizima. Hapo nilijua kwamba kazi ya miezi imeharibika tena. Niliiweka chupa mezani na kutafuta mtu wa kumgombeza.

Watu wa kugombezwa walikuwa wawili tu. Kituo chetu kilikuwa juu kilimani Kwale, nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa zamani ghala la dawa za kuogeshea mifugo, na harufu ya dawa zile haikuwahi kutoka ukutani. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Mkubwa wetu alikuwa daktari wa mifugo kutoka bara, mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja, nao ni haraka. Aliyefuata nilikuwa mimi, mzaliwa wa Msambweni, fundi mkuu wa maabara, na hilo neno “mkuu” nililivaa kama kilemba. Wa tatu alikuwa fundi mwenzangu, naye wa bara, rika langu, aliyewahi kufanya kazi hotelini Diani kabla ya kurudia fani yake, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa nusu cha jikoni na nusu cha stendi ya Ukunda. Aliniita “madam”. Nilimwambia mara kumi kwamba mimi si madam wa mtu.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza kingamwili za kutibu ndigana, ugonjwa wa kupe ambao kila baada ya mvua humaliza ndama bara ya Kinango. Kingamwili ni askari wa mwilini. Ndama mchanga hana wa kutosha, na sisi tulitaka kumpa kwa sindano.

Askari hao tulitengenezewa na seli za panya. Tuliletewa ndani ya kichupa kidogo, tukazifuga kama mtu afugavyo kuku wa kisasa: chakula kwa saa, joto lisipande wala lisishuke, uchafu uondolewe, zisisongamane. Ziliishi ndani ya maji mekundu ya virutubisho, zikila na kugawanyika, huku zikimwaga kingamwili humo humo. Kila Alhamisi tulivuna maji yale, tukayapitisha kwenye mrija wenye chembechembe zinazonasa kingamwili, kisha tukazibandua kingamwili kwa asidi kidogo na kuipoza asidi upesi. Tulichobaki nacho kilikuwa kikombe kimoja cha dawa, wiki njema kikombe na nusu.

Sasa, kingamwili ni protini, na protini ni kamba ndefu iliyokunjwa kwa mkunjo mmoja tu unaofaa. Ikikunjuka kidogo, kwa joto au asidi au kukorogwa, sehemu yake inayonata hutokeza nje na kumshika jirani, naye jirani humshika jirani yake, mpaka linakuwa bonge. Yeyote aliyevunjia yai kwenye mchuzi wa moto ameliona jambo hilo. Ubaya wa bonge si kwamba halitibu tu. Likiingia mwilini, mwili huliona adui mkubwa na kupigana nalo kwa nguvu zote, na mnyama mwenyewe anaweza kuanguka katika vita hivyo.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nikiyafundisha kwa wageni waliotutembelea.

Dawa ilikuwa imeshapata mwenyewe kabla haijawa dawa. Kinango kulikuwa na mama mmoja, Mduruma, mjane, mwenye ng'ombe sita. Masika mawili mfululizo ndama wake wote walikuwa wamekufa kwa ndigana. Mwaka ule alijaliwa ndama watatu, madume wawili na jike mmoja, na ng'ombe wake wa maziwa walikuwa wamezeeka. Kama jike yule angekufa, boma lile la ng'ombe lingeishia mikononi mwa mama huyo. Daktari alikwenda kumwomba ndama wake wawe wa kwanza kupewa dawa yetu, naye alimkatalia mara mbili, kwa adabu. Safari ya tatu nilikwenda mimi.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Yeye alisema Kiduruma na mimi Kidigo, tukaelewana bila taabu. Aliniuliza habari za Msambweni, za mama yangu, za mvua. Mwishowe akauliza:

“Hiyo dawa, mwanangu, wewe mwenyewe umeiona?”

“Naitengeneza kwa mikono yangu hii, mama.”

Aliiangalia mikono yangu. “Haya. Daktari simjui. Nitakukubalia wewe.”

Nilirudi Kwale kifua mbele. Na wiki hiyo hiyo, nilipoinua chupa dirishani, uzi ulikuwamo.

Wa kwanza kupata vidonge vyake alikuwa mwenzangu. Alikuwa na tabia ya kukoroga. Kila kitu alikikoroga, hata chai isiyo na sukari, na siku moja nilimkuta ameweka mavuno yetu juu ya mashine ya kuzungusha, povu limepanda kama la sabuni ya kufulia. Povu ni kaburi la protini. Pale maji yanapokutana na hewa ndipo hukunjuka. Nilimweleza hayo kwa sauti iliyofika barabarani.

“Lakini madam, nilikoroga pole pole tu,” alisema. “Hiyo povu imejiletea.”

“Povu halijileti. Kuanzia leo hukorogi kitu katika nyumba hii. Unapindua chupa kwa mkono, hivi, kama unayembembeleza mtoto.”

Akaacha kukoroga. Nyuzi hazikuacha.

Wa pili alikuwa Daktari. Yeye alitaka wingi. Seli zikifika idadi ya kuvunwa aliniambia, “Ziache siku mbili zaidi, dada, zitatupa mara mbili.” Zilisongamana, zikafa kwa maelfu, na seli ikifa hupasuka na kumwaga takataka zinazoshikamana na kingamwili. Nilimwambia haraka haraka haina baraka. Aliniambia kwamba methali si sayansi. Tulinuniana siku tatu, na mwishowe nikaanza kuvuna mapema bila kumwuliza, naye akajifanya hakuona. Kisha nikalishusha joto la kabati la seli, kutoka joto la mwili hadi chini kidogo, maana seli zilizopoa hufanya kazi pole pole na hukunja protini zake vizuri zaidi. Nikapunguza asidi. Nikaongeza sukari maalumu kwenye dawa, ambayo huzizuia protini zisigusane. Kila badiliko nililipata kwa ugomvi. Stima ilipokatika, nilipigana na jenereta. Hati za mafuta ya jenereta zilipochelewa, nilipigana na karani wa ofisi ya mjini kwenye simu mpaka akaacha kuipokea.

Na mavuno yakatakata. Kila Alhamisi niliyainua dirishani, yakawa maangavu. Ndiyo maana nilikaribia kupata wazimu, kwa sababu baada ya wiki chache tu nyuzi zilikuwamo tena kwenye chupa kubwa nilimounganisha mavuno yote.

Chupa kubwa ilikuwa yangu. Nilikulia katika nyumba ambayo vyombo viwili vyenye nusu nusu ni aibu. Mama yangu hakuwahi kulala na nusu chupa mbili za mafuta ya taa; aliunganisha. Sukari aliunganisha, nazi iliyokunwa aliunganisha, hata uji wa mgonjwa. Aliyeacha nusu nusu alionekana mvivu asiyejua kutunza nyumba. Basi na mimi sikutaka vichupa vilivyotapakaa kwenye friza yangu. Kila Alhamisi niliitoa chupa ile, nikaiyeyusha barafu yake kwenye karai la maji ya vuguvugu, nikatia mavuno mapya, nikapindua kwa upole, nikairudisha kuganda. Chupa moja, lebo moja, hesabu moja. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Nyuzi zilipoonekana humo nilisema mavuno ya leo yamechafua ya jana, na nikarudi kumtazama mwenzangu kwa jicho la pembeni.

Mvua zikaanza. Kupe wakaamka. Daktari akasema dawa iende Kinango kesho.

“Ina nyuzi,” nikamwambia.

“Ichuje.”

“Chujio litatoa yale mabonge tunayoyaona. Madogo yatapita.”

“Dada, ukingoja mpaka iwe kama maji ya zamzam, ndama watakufa wote watatu. Ichuje, twende.”

Nilichuja. Maji yalitoka maangavu, na mimi, ambaye nilijua vizuri kwamba macho hayaoni mabonge madogo, niliyapenda yale maangavu. Nililalamika njia nzima kutoka Kwale hadi Kinango, lakini niliyabeba mapajani mwangu.

Mama alitupokea vizuri. Alikuwa ametenga maji ya kunawa, na maji kule ni kitu cha kutengwa kweli. Daktari akauliza tuanze na yupi, naye akasema tuanze na jike, ili kama dawa ni chache huyo awe ameshapata. Mimi ndiye niliyemshika ndama shingoni. Alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, na alinilamba kiwiko. Daktari akamchoma polepole kwenye mshipa.

Hazikupita dakika tano. Macho yalimvimba kwanza, kisha akaanza kuvuta pumzi kwa mdomo, ulimi nje, kisha miguu ya mbele ikakunjika. Daktari alimchoma adrenalini, akamchoma tena. Mwenzangu alimmwagia maji yale yale ya kunawa. Mimi nilibaki nimeshika ile shingo. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa, na wale madume wawili walikuwa wamesimama nyuma ya ua wakitutazama.

Mama hakulia wala hakupiga kelele. Alisema ni amri ya Mungu. Nilipomuaga nilimshika mkono na kumwambia kwa Kidigo, ili Daktari asisikie, “Mama, mimi niliwaambia dawa haijawa tayari. Ni yeye aliyefanya haraka.”

“Nimesikia, mwanangu,” akasema.

Nililala na usingizi wangu vizuri kabisa wiki hizo. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hulala akijua nani mkosaji. Daktari alikonda. Aliandika ripoti ambayo ndani yake alijitia lawama mwenyewe, nami nilisoma ripoti ile nikasema moyoni, afadhali.

Mwezi mmoja baadaye mwenzangu alikuja mezani kwangu ameshika kisanduku cha plastiki chenye vichupa vidogo, vile vya ukubwa wa kidole. Alikiweka mbele yangu na kusimama mikono nyuma, kama mwanafunzi.

“Nini hiki?”

“Usikasirike, madam.”

“Nimeshakasirika. Nini?”

“Ni mavuno. Tangu siku ile ulinichemkia juu ya povu, kila Alhamisi nilikuwa natoa kidogo, vichupa viwili, kabla hujamimina kwa chupa yako. Naweka kwa friza upande wa chini. Hapa nimeyeyusha kimoja cha kila wiki, cha pili bado kimeganda. Nilitaka siku moja nikuonyeshe si mimi nilikuwa naharibu.”

Ningeweza kumfukuza kwa wizi wa sampuli. Nilifungua kinywa kufanya hivyo hasa. Lakini alikuwa ameshaviyeyusha, na jua la dirishani lilikuwa limeviangaza, na vyote kumi na tisa vilikuwa na maji maangavu. Nilikiinua kimoja kimoja. Nilikipindua kimoja kimoja. Nilitafuta uzi mmoja tu wa kumshika nao, sikuupata. Tulivipitisha kwenye mashine ya kupima ukungu wa maji, nayo ikatuambia yale yale.

“Hivi viligandishwa mara ngapi?” nikauliza.

“Mara moja tu. Naviweka, sivigusi.” Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Hiyo kubwa, madam, wewe huitoa mara ngapi?”

Hesabu ilikuwa mbele yangu kwenye kisanduku. Kumi na tisa. Tangu siku ya povu tu, mara kumi na tisa nimeiyeyusha chupa ile na mara kumi na tisa nimeigandisha, kwenye friza ya kawaida inayogandisha taratibu kama ya kuwekea samaki. Maji yakiganda taratibu, barafu hujichukulia maji matupu na kuzisukuma protini na chumvi kwenye kona, zikabanana, zikasuguana, zikakunjuka, zikashikana. Jambo hilo limo katika kitabu cha kwanza kabisa tulichosomeshwa. Lilikuwa kichwani mwangu siku zote. Sikulipeleka kwenye chupa yangu kwa sababu chupa ilikuwa yangu. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimezunguka kituo kizima mwaka mzima nikiwaonyesha wenzangu ya kwao.

Nilimwuliza kwa nini hakusema mapema. Swali la kipumbavu, na alilijibu kwa ukarimu kuliko nilivyostahili.

“Wewe hukuwa unaulizika, madam.”

Nilimweleza Daktari siku hiyo hiyo. Aliketi, akavua miwani, akasema tu kwamba ripoti itaandikwa upya. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze, ningejua la kufanya.

Kinango nilikwenda peke yangu. Njiani nilijitayarishia maneno mengi, kuhusu barafu na mkunjo na chumvi, maelezo mazuri ambayo hata mgeni kutoka ng'ambo angeyakubali. Mama alikuwa anachambua kunde uani pamoja na jirani yake, mwanamke mwenye ndama wanne. Nikaamkia, nikapewa kigoda kile kile. Kabla sijasema kitu, mama akamwambia jirani, “Huyu ndiye yule wa Msambweni niliyekwambia. Huyu ni mwangalifu. Kama wangemsikiliza yeye, ndama wangu angekuwapo.” Jirani akanitazama kwa heshima na kusema kwamba naye amefikiri kuwatoa ndama wake, mradi wa kuleta dawa niwe mimi.

Yale maneno yangu yote yalipotea. Nilisema kwa kifupi. Nilisema, mama, aliyeharibu dawa ni mimi. Si Daktari. Yeye alifanya haraka, ni kweli, lakini alichoharakisha kilikuwa kimeshaharibika mikononi mwangu, na nilikuwa nikikiharibu kila wiki, na sikujua.

Aliendelea kuchambua kunde. Nilisikia kila ganda linavyopasuka. Jirani aliinamisha kichwa.

“Siku ile uliniambia ni yeye,” mama akasema.

“Nilidhani ni yeye, mama.”

“Hukusema unadhani.”

Nilimwomba radhi, kwa Kidigo na kwa Kiswahili, nikarudia. Akaitikia kwamba amenisamehe, upesi, kama mtu anavyoitikia salamu. Kisha akauliza kama dawa nzuri ipo. Nikamwambia ipo, kidogo, ya kutosha ndama wachache, imetunzwa vizuri, imegandishwa mara moja tu, na imepimwa.

“Imetunzwa na nani?”

“Na mwenzangu. Yule wa bara, aliyemmwagia ndama maji.”

“Namkumbuka.” Alikusanya maganda ya kunde kwenye kanga yake na kuinuka. “Madume wangu wawili bado wapo, na mwenzangu huyu ana wanne. Basi aje yeye.”

“Nitakuja naye, mama.”

“Hapana, mwanangu,” alisema, kwa upole ule ule aliomkatalia nao Daktari. “Aje yeye.”

Alikwenda Jumatatu pamoja na Daktari. Niliwafungia mwenyewe vile vichupa vya pili ambavyo havijayeyushwa, nikavitia kwenye sanduku la baridi, nikamwelekeza namna ya kuviyeyusha ingawa alijua. Jioni walirudi. Alikuja moja kwa moja chumbani kwangu, viatu vyekundu kwa udongo wa Kinango, akaniambia kwamba ndama wote sita wamechomwa na wote wamesimama. Hakucheka, hakunitania. Alisema, “Yule mama anakusalimia, madam,” na nikajua kwamba hilo la salamu amelitunga yeye.